Ushuru wa Soko Hupitia Wapi Kabla ya Kurudi Mashinani

Malalamiko yanayotufikia kutoka Nyando na Nyakach, katika Kaunti ya Kisumu nchini Kenya, ni yale yale: fedha zimegatuliwa, yaani zimeshushwa hadi kaunti, ilhali mitaro ya masoko bado imeziba. Katika kikao kimoja cha bajeti, mama muuza omena alinionyesha stakabadhi ya ushuru wa asubuhi ile, imelowa maji ya samaki, akauliza kwa nini pesa hizo zisizibue mtaro ulio hatua tano kutoka meza yake.

Swali lake ni la haki. Hata hivyo, Kifungu cha 207 cha Katiba kinaagiza mapato ya kaunti yaingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, pamoja na mgao wa kitaifa, isipokuwa pale Sheria ya Bunge inaporuhusu vinginevyo. Mtoza ushuru akichomoa hata shilingi 200 kumlipa kibarua amevunja sheria, hata mtaro ukizibuka. Pesa hutoka katika Mfuko huo baada ya Bunge la Kaunti kupitisha sheria ya matumizi na Mdhibiti wa Bajeti kuidhinisha. Na afisa anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria hulipa hasara hiyo mwenyewe chini ya Kifungu cha 226, awe bado yuko kazini au ameshaondoka.

Wapo wanaomwendea mwakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti wakimdai kazi hizi, nasi tumelieleza hili mara nyingi mno: hakabidhiwi pesa za kaunti azitumie atakavyo. Kazi yake ni kutunga sheria na kukagua serikali ya kaunti, na anayemdai changarawe ya barabara anamtaka afanye kazi ile ile anayopaswa kuikagua.

Mtaro huanzia katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Makadirio ya bajeti yakifika bungeni Aprili 30, nafasi ya mradi mpya huwa imebana sana, na hapo ndipo wengi huanza kuja. Njooni mapema. Andikeni jina la soko, wadi, urefu wa mtaro na mahali maji yanapotuama, mpeleke nakala mbili kwa msimamizi wa wadi, na msiondoke kabla ya moja kugongwa muhuri wenye tarehe.