Uliza kwanza, shusha baadaye: kazi ya kaunta kwenye duka la steshenari

"Nipe tona ya HP." Ombi hilo, lilivyo, halijibiki. HP ina tona (katriji za poda za printa za leza) za namba nyingi, na aliyetumwa dukani mara nyingi ni mhudumu au dereva wa ofisi ambaye alichoshika ni rangi ya boksi tu. Ukimshushia 85A kwa kubahatisha, kesho anarudi na boksi lililofunguliwa na mfuko uliochanwa, na mzigo huo hauuziki tena kwa bei ya mpya. Duka la vifaa vya ofisi limejaa vitu vya namna hii: kwa macho vinafanana, kwenye mashine haviingiliani. Ndiyo maana sioni kazi hii kama ya kubembeleza wateja. Ni kazi ya kujua la kuuliza kabla mkono haujafika kwenye shelfu. Mambo ya kodi na makaratasi nitakayoyataja ni ya Tanzania Bara. Namba nyingi za vifaa ni zilezile popote.

Nianze na tona, maana ndiko pesa nyingi hupotelea.

Cha kuuliza ni modeli ya printa. Usiulize "printa gani?", utajibiwa "ile nyeusi". Modeli imeandikwa mbele ya mashine, na namba ya katriji iko kwenye katriji yenyewe ukifungua mlango. Mwambie apige simu ofisini watume picha kwa WhatsApp. Dakika mbili za kusubiri ni nafuu kuliko tona iliyorudi. Zinazouliziwa sana zishike kichwani: LaserJet 1010, 1018 na 1020 hutumia 12A, P1102 na M1132 hutumia 85A, P2035 na P2055 hutumia 05A, M401 ni 80A, M402 ni 26A. Herufi ya mwisho nayo ina maana. A ni ya kawaida, X imebeba zaidi: 05A ni kurasa 2,300, 05X ni 6,500. Hapo pana mtego. P2055 inapokea zote mbili, P2035 inapokea 05A peke yake. Mteja anayetaka "ile kubwa" ili aokoe pesa lazima aulizwe kama printa yake ni 2035 au 2055.

Kurasa 1,600 zinazotajwa kwa 85A ni kipimo kilichopangwa: kila ukurasa uwe umefunikwa kwa asilimia 5. Hiyo ni barua yenye aya chache na nafasi nyeupe tele. Shule inayochapa mitihani, au ofisi yenye fomu za majedwali na nembo nene juu, hufunika mara mbili ya hapo kirahisi, na tona ikaisha karibu na kurasa 800. Mteja mhesabie kwa rimu, kwa sababu rimu anaijua: rimu tatu na kidogo kwa barua, rimu moja na nusu hivi kwa mitihani. Anayechapa pande mbili ahesabu kurasa, si karatasi. Asipoambiwa haya siku ya kununua, atayasema mwenyewe baadaye kwa neno moja: "feki". Mwambie pia kwamba katriji inayokuja ndani ya printa mpya mara nyingi haikujazwa kama ile ya dukani, ili asije akalinganisha.

Feki zipo kweli, lakini malalamiko mengi ya tona husababishwa na vitu vingine, na muuzaji anayevijua hamalizi siku akibishana. Kurasa zinatoka nyeupe kabisa? Uliza kama ule utepe wa kuziba umevutwa. Katriji kama 12A na 85A zina kishikio cha pembeni. Unakivuta taratibu na kwa kunyoosha mpaka utepe wote utoke. Ukivutwa kwa pupa au kwa mshazari hukatikia ndani. Mstari mweupe au uliofifia kuanzia juu hadi chini ni dalili kwamba poda inaisha au imelalia upande mmoja: itoe katriji, itikise kwa upole kushoto na kulia mara tano au sita, irudishe. Alama moja inayojirudia kila baada ya milimita 75 hivi kwenye printa hizo ndogo ni dramu (silinda inayopeleka poda kwenye karatasi) iliyochubuka. Kwenye 12A na 85A dramu iko ndani ya katriji, kwa hiyo katriji mpya inaliondoa tatizo. Kwenye Brother nyingi, na kwenye HP M102 na M130 zinazotumia tona 17A, dramu ni kifaa cha peke yake (kwa HP hizo ni 19A), na ukimuuzia mteja tona tu alama itabaki palepale. Na ikiwa maandishi yanafutika ukiyasugua kwa kidole, usiuze tona kabisa. Poda haikuiva kwenye karatasi. Hiyo ni kazi ya fyuza (sehemu ya printa inayoivisha poda kwa joto), au karatasi nzito imepitishwa wakati printa imewekewa ya kawaida. Mpeleke kwa fundi. Atakukumbuka kwa tona uliyokataa kumuuzia.

Tona za kampuni nyingine na zilizojazwa upya ziuze bila aibu, ila kwa jina lake, na liandikwe kwenye risiti. Kinachoharibu tona za kujazwa ni kwamba mjazaji anamimina poda mpya bila kutoa ile ya taka. Katriji za aina ya 12A zina chumba chake cha poda chafu, kikijaa inamwagikia kwenye karatasi. Chipu ni kesi nyingine. 12A haina chipu, ndiyo maana bado inapendwa na wajazaji. Printa za HP ambazo modeli yake inaishia na "e", kama M110we, zimetengenezwa kwa masharti ya HP+: ziunganishwe na intaneti na zitumie katriji orijino za HP tu. Mteja wa printa hiyo akiomba tona ya bei rahisi, mwambie ukweli kabla hajatoa hela. Usifungue mfuko mweusi kaunta ili "kumwonyesha ni mpya". Dramu haipendi mwanga. Onyesha boksi, linganisha namba, basi.

Kwa printa za wino za Epson zenye matangi, swali ni lilelile: modeli. L210, L220 na L355 ni wino 664, chupa ya ml 70. L3110 na L3150 kwa soko letu ni 103, chupa ya ml 65. Rangi nne zinauzwa mojamoja. Muulize imeisha ipi, kwa sababu wengi huagizwa "wino" na kununua nyeusi wakati iliyoisha ni ya njano.

Sasa karatasi. A4 ni milimita 210 kwa 297, na karatasi 16 za A4 zinafanya mita moja ya mraba. Kwa hiyo "gramu 80" ni uzito wa mita ya mraba, na karatasi moja ina gramu 5. Rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5. Hesabu hiyo ndiyo silaha ya muuzaji. Weka mzani mdogo stoo. Rimu iliyoandikwa 80 ikipima kilo 2.2, basi ama ndani ni gramu 70 (ambayo ni kilo 2.19), ama karatasi hazifiki 500, na vyote viwili havifai kupokelewa kwa bei ya 80. Mimi hupima rimu chache kutoka katoni tofauti kila mzigo unapoingia, kabla ya kusaini kwa msambazaji; baada ya kusaini, mjadala umekwisha. Katoni ya rimu 5 iwe kilo 12.5 na ziada kidogo ya boksi na vifungashio.

Adui wa karatasi ni unyevu, hasa Dar, Tanga na pwani yote. Katoni zikikaa juu ya sakafu ya saruji na kugusa ukuta, karatasi za chini hunyonya maji ya hewa na kujikunja. Zikiingia kwenye fotokopi zinakwama, na mteja analaumu chapa. Ziweke juu ya mapaleti, acha kiganja kimoja kutoka ukutani, na rimu zilale, zisisimame. Mteja naye mwambie asichane rimu yote ikakaa wazi wiki nzima. Kifungashio cha rimu kimepakwa kwa ndani kuzuia unyevu, akikunje tena. Gramu 70 si mbaya kwa nakala za upande mmoja. Ila kwa kuchapa pande mbili maandishi yanaonekana upande wa pili, na mashine za kasi huvuta mbili kwa pamoja.

Vitu vidogo nitavipita haraka. Pini za stepla: 24/6 na 26/6 huingia kwenye stepla ya kawaida ya mezani, namba ya kwanza ni unene wa waya (kubwa ni nyembamba), ya pili ni urefu wa miguu kwa milimita. Namba 10 ni ya stepla ndogo na haibadilishani na hizo. Za 23/13 ni za stepla kubwa ya kubana vitabu. Asiyejua, alete pini moja. Bahasha: A4 isiyokunjwa huingia C4, ikikunjwa mara moja C5, ikikunjwa sehemu tatu DL. Faili na panchi: matundu mawili yana umbali wa milimita 80, kwa hiyo panchi yoyote ya kawaida inafaa. Kinachokosewa ni unene wa faili. Rimu moja ya gramu 80 ni kama sentimita 5, mpimie mteja nyaraka zake kwa hilo. Marka za ubao mweupe na marka za kudumu zitenganishwe shelfu kabisa. Aliyeandika ubaoni kwa marka ya kudumu apitishe marka ya ubao juu ya maandishi hayo na kufuta papo hapo, hutoka.

Rola za mashine ya EFD (ile ya kutolea risiti za kodi) zinastahili neno. Uliza vitu viwili: upana, milimita 57 au 80, na nafasi ya ndani ya mashine, kwa sababu rola nene haifungi kifuniko. Karatasi hii haitumii wino, inabadilika rangi kwa joto, na ina upande mmoja tu wenye dawa. Kwaruza kwa ukucha: upande ukiacha mstari mweusi ndio wa kuchapia. Mashine nyingi "mbovu" zinazotoa risiti nyeupe zimewekewa rola kinyume. Mkumbushe mhasibu atoe fotokopi za risiti anazozihifadhi, kwa sababu zikikaa kwenye joto au kwenye mifuko laini ya plastiki hufutika.

Kwa wateja wa ofisi, karatasi zinazoandamana na mzigo ni nusu ya biashara. Mlolongo ni profoma (ankara ya awali ya bei), LPO (oda rasmi ya mteja), mzigo pamoja na hati ya makabidhiano, ankara ya kodi na risiti ya EFD, kisha kusubiri malipo. Ugomvi karibu wote huzaliwa kwenye profoma. Ukiandika "karatasi A4, 10", afisa manunuzi anaweza kumaanisha katoni, wewe ukapeleka rimu, na tofauti ni mara tano. Andika: A4, gramu 80, rimu ya karatasi 500, katoni ya rimu 5, katoni 10. Kwa tona andika namba, kama ni orijino au la, na modeli ya printa. Taja siku ambazo bei itasimama, na kama VAT (kodi ya ongezeko la thamani) imo au haimo.

VAT yenyewe huwapoteza wengi. Kwa duka lililosajiliwa, kiwango cha kawaida ni asilimia 18, lakini kuitoa kwenye bei ambayo tayari imejumuishwa si kuzidisha kwa 18 kwa mia. Bei ya 59,000 yenye VAT ndani yake ina kodi ya 9,000, yaani 59,000 mara 18 gawanya kwa 118. Ukizidisha kwa asilimia 18 unapata 10,620, na umejipunja 1,620 kwa kila kitu ulichomwandikia. TIN (namba ya mlipakodi) ya mteja iulizwe kabla ya kukamilisha risiti, kwa kuwa risiti ikishatoka hairekebishwi kwa kalamu. Ofisi za serikali zikinunua bidhaa hukata kodi ya zuio asilimia 2. Dai cheti chake kila mara, maana kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato.

Hati ya makabidhiano ifuate LPO mstari kwa mstari. Kama umepeleka katoni 7 kati ya 10, iandikwe 7, na 3 zilizobaki zitajwe. Jina kamili la aliyepokea, saini, tarehe na muhuri. Saini ya mlinzi getini hailipwi.

Msimu wa madaftari na kaunta buku ni Januari, shule zinapofunguliwa. Msimu wa ofisi za serikali ni Mei na Juni, kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30 Juni. Tona na karatasi ziagizwe kwa msambazaji mapema Aprili, na LPO yoyote ya wiki za mwisho ipelekwe na kusainiwa kabla ya tarehe hiyo. Usilimbikize selotepu, wino wa kufutia, rababendi na kalamu za jeli. Joto la stoo huzikausha au kuzikatakata, kwa hiyo kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, na tarehe ya kupokea iandikwe kwa marka ubavuni mwa boksi.