Msaada wa mataifa makubwa: nani atalipa ukarabati?

Uwanja wa Mandela pale Namboole, Uganda, ulijengwa kwa msaada wa China, ukafunguliwa 1997. Kilichofuata ni mzigo wa matengenezo. Hali ilizorota hadi CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikakataa mechi za kimataifa zichezwe pale, na Serikali ikalazimika kuukarabati kwa fedha zake kupitia wahandisi wa UPDF, jeshi la Uganda. Jina la aliyejenga, hata hivyo, bado lina heshima yake. Ndiyo faida ya nguvu laini, kama mwanazuoni wa Marekani Joseph Nye alivyoiita mwaka 1990: kupendwa badala ya kuogopwa.

Mkopo nao huvaa nguo za msaada. Daraja la Jinja la 2018 limejengwa kwa mkopo wa Japani, na barabara ya kasi ya Entebbe kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Ibara ya 159 ya Katiba inataka idhini ya Bunge kabla Serikali haijakopa, kwa hiyo mbunge wako ana haki ya kuuona mkataba, nawe una haki ya kumuuliza: malipo yanaanza lini? Mkandarasi ni lazima atoke nchi ya mkopeshaji? Mgogoro utaamuliwa wapi? Mkopo wa China wa uwanja wa ndege wa Entebbe ulisainiwa 2015. Kelele zilipanda 2021, watu walipogundua kwamba mgogoro ukitokea, usuluhishi ni Beijing. Miaka sita ilikuwa imepita, wino umekauka.

Afya ndiko nguvu laini ya Marekani ilikozama zaidi, kupitia PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI, tangu 2003. Misaada iliposimamishwa Januari 2025, tatizo halikuwa dawa za ARV peke yake. Mishahara ya wengi wanaofuatilia waliokosa kliniki, wanaosafirisha sampuli za damu na wanaoingiza takwimu ilipitia mashirika ya wafadhili, si hazina ya wilaya. Chupa ya dawa inaweza kuwepo rafuni, na wa kumtafuta mgonjwa asiwepo. Wilaya inayopokea mradi idai tangu mwanzo orodha ya nafasi zote zinazolipwa na mfadhili, na mwaka ambao kila moja itahamia bajeti yake.

Kwa ufadhili wa masomo ng'ambo, jambo ni jepesi zaidi. Kabla ya kusaini, hakikisha Baraza la Taifa la Elimu ya Juu litaitambua shahada hiyo, na uulize kama mwaka wa kwanza ni wa lugha tupu na nani analipia tiketi ya kurudi.