Dawa ya presha ilivyoamsha soriasisi

Mgonjwa akija na baka gumu kwenye kiwiko, mimi daktari wa ngozi huchukua kioo cha hadubini na kulikwangua polepole kwa ukingo wake. Choa hutoa unga kidogo. Soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu, hutoa magamba meupe makavu, kama nta ya mshumaa iliyokwanguliwa. Ukiendelea unakuta kiwamba chembamba kinachong'aa, kisha vitone vya damu vidogo mithili ya ncha ya sindano. Kwenye ngozi nyeusi baka halina ule wekundu wa vitabuni. Huwa la zambarau au la kijivu, na ndiyo maana wengi hufika kwangu wameshamaliza tyubu kadhaa za dawa ya choa.

Mama mmoja alikuja baada ya mabaka yaliyotulia kwa miaka kumlipukia hadi mgongoni.

"Mama, kuna dawa yoyote mpya unayokunywa?"

"Hakuna, daktari. Ni hii ya presha tu."

Akatoa mkobani vidonge vya propranololi.

Uhusiano wa dawa hiyo na soriasisi uko kwenye utando wa seli. Seli za ngozi ya juu huzaliwa chini kabisa, hupanda huku zikikomaa, hufa, kisha hubanduka. Kwenye ngozi yenye afya safari hiyo huchukua kama mwezi mmoja, lakini kwenye baka la soriasisi ni siku chache tu. Sasa, kwenye utando wa seli hizo kuna kipokezi cha adrenalini, homoni ya mshtuko, kilichoelekea nje, na upande wa ndani kuna kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemikali) kiitwacho adenileti saiklesi. Adrenalini ikitua kwenye kipokezi, saiklesi huigeuza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kuwa AMP ya mzunguko, mjumbe anayepeleka habari ndani ya seli. Mwanasayansi Mmarekani Earl Sutherland alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1971 kwa kazi iliyomfikisha kwa mjumbe huyo. Wataalamu wa ngozi nao wakaanza kumpima kwenye vipande vya ngozi, wakishuku kwamba akipungua, seli hugawanyika ovyo.

Majibu ya miaka ile ya 1970 bado yananivutia. Kimeng'enya kilikuwapo, ila adrenalini ikibisha hodi kwenye ngozi yenye baka, kiliitika kwa unyonge kuliko kwenye ngozi yenye afya. Kuhusu wingi wa AMP yenyewe maabara zilibishana, hii ikisema imepungua, ile ikikataa. Kwangu mimi, kuhesabu kimeng'enya hakutoshi. Lazima ukiite uone kinavyoitika.

Propranololi hukalia kipokezi kilekile cha adrenalini. Kwa moyo unaokwenda mbio hiyo ni nafuu, lakini kwa ngozi ambayo tayari ni nzito wa kusikia, inaelekea huzidisha uzito huo. Si kila mwenye soriasisi huathirika, na tafadhali usiiache dawa hii ghafla kwa sababu umesoma hapa: moyo unaweza kuleta matata makubwa kuliko magamba. Mama yule nilimrudisha kwa daktari wake na barua, akabadilishiwa dawa.

Utandoni kuna kimeng'enya kingine, transglutaminesi 1, fundi anayeunganisha protini ziwe ganda gumu la seli iliyokufa. Kwenye ngozi yenye afya huonekana karibu na juu, seli zikikaribia mwisho wa safari. Kwenye soriasisi huonekana mapema mno, tabaka za chini zaidi, na seli hufika juu zikiwa bado na viini vyake. Gamba unalokwangua limejaa seli hizo zilizoharakishwa.

Safari ya pili mama alitoa tena kitu mkobani: kikopo cha krimu kisicho na lebo, cha dukani kwa jirani. "Hii ndiyo inanisaidia, ila nikiacha tu, yanarudi na hasira." Nilihisi ni klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, ambayo huingizwa sana kwenye mikorogo. Dawa za jamii hiyo huzima uvimbe kwa njia nyingi, na mojawapo ni kukibana fosfolipesi A2, kimeng'enya kinachokata mafuta ya utando na kutoa asidi ya arakidoni. Ndani ya baka asidi hiyo huwa nyingi kupita kiasi, na ndiyo malighafi ya kemikali za uvimbe. Kwa kipimo cha daktari klobetasoli ni dawa nzuri. Ukiipaka mwili mzima kwa miezi kisha ukaikata siku moja, soriasisi inaweza hata kugeuka kuwa ya usaha.

Kwa hiyo sikumnyang'anya. Tuliandika kwenye kadi yake siku za kupaka na siku za kupumzisha ngozi, akakifunga kikopo na kukirudisha mkobani.