Slashi ya matunda nyumbani: gandisha tunda, usisage barafu

Joto likipamba moto, wengi hufanya hivi: vipande vya barafu vinatupwa kwenye blenda, vinasagwa, kisha shira ya rangi inamiminwa juu. Glasi inapendeza machoni. Lakini mtoto akishaanza kuvuta kwa mrija, utamu wote unapanda katika mikupuo ya mwanzo, na kinachobaki ni barafu nyeupe isiyo na ladha yoyote. Anaomba aongezewe shira. Kwa sisi tunaoshughulika na lishe, kasoro iko hapo, na dawa yake ni rahisi: kinachotakiwa kuganda ni tunda lenyewe.

Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Yakiwa na sukari ndani yake, yanahitaji baridi kali zaidi. Tena yanapoanza kuganda, ni maji tu yanayogeuka barafu. Sukari inabaki kwenye umajimaji ambao haujaganda, nao unazidi kuwa mzito na mgumu kuganda. Matokeo yake ni chembe ndogo za barafu zinazoogelea ndani ya juisi nzito. Hiyo ndiyo slashi. Sukari ya asili iliyomo ndani ya tunda lililoiva inaweza kuifanya kazi hiyo bila kuongezewa hata kijiko kimoja.

Ila matunda hayalingani. Katika gramu 100, zabibu zisizokaushwa zina sukari gramu 15 hivi, embe bivu 14, ndizi 12, nanasi 10. Tikiti maji lina gramu 6 na stroberi 5 tu, ndiyo maana yakigandishwa peke yake huwa magumu na slashi yake hukwaruza ulimi. Basi yachanganye: tikiti na embe, stroberi na ndizi. Nusu ndizi tu inatosha kulainisha glasi mbili. Na chagua tunda lililoiva hasa, lile lenye harufu inayokujia kabla hujalikata. Tunda bichi halitageuka tamu ndani ya friza.

Kata vipande vya sentimita mbili hivi. Ndizi na tufaha zipakwe maji ya ndimu zisibadilike rangi. Vitandaze vipande kwenye trei bila kugusana, uweke friza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri usiku kucha, ndipo uvikusanye kwenye mfuko. Usiruke hatua ya kutandaza. Vipande vilivyorundikwa pamoja huganda polepole, na kuganda polepole huzaa chembe kubwa za barafu. Zaidi ya hapo utatoa donge moja kama tofali ambalo blenda yako haitaliweza.

Siku ya kusaga, acha vipande mezani dakika tano hadi kumi. Kwa gramu 300 za tunda weka mililita 100 hivi za maji baridi au juisi, ukianza na umajimaji chini ya visu. Bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia. Ukiiacha blenda ikimbie mfululizo, visu vinapasha moto mchanganyiko na slashi inageuka juisi. Ikifanana na mchanga uliolowa, simama.

Asiye na blenda hajakosa kitu. Mimina juisi ya tunda kwenye chombo kipana kisichozidi kina cha vidole viwili, weka friza, na kila nusu saa kwangua kwa uma kuanzia kingoni kuelekea katikati, maana barafu huanzia pembeni. Ukirudia mara nne au tano utapata chembe nzuri. Usitumie chupa ya kioo iliyojazwa hadi mdomoni: maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takribani asilimia 9, na chupa itapasuka.

Kuhusu utamu, jua kwamba ulimi uliopoa hauhisi sukari sawasawa. Juisi iliyokuwa tamu ikiwa vuguvugu itaonekana imepoa ladha ikiganda, na hapo mkono hukimbilia bakuli la sukari. Jaribu kwanza chumvi kidogo sana na matone ya ndimu. Huamsha ladha ya tunda. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Shira inaweza kukumalizia fungu hilo kwa glasi moja. Asali nayo asipewe kabisa mtoto aliye chini ya mwaka 1.

Niseme pia kuhusu slashi za kununua zisizo na sukari. Nyingi huwekwa gliseroli, kimiminika kizito chenye utamu, ili zisigande ngumu. Mwaka 2025 madaktari wa Uingereza na Ireland walieleza habari za watoto 21 walioumwa baada ya kunywa slashi zenye gliseroli: sukari ya damu ilishuka, na wengi walipungukiwa fahamu. Mamlaka ya chakula ya Uingereza sasa inashauri mtoto aliye chini ya miaka 7 asinywe kabisa vinywaji hivyo. Slashi ya nyumbani haihitaji gliseroli hata tone.

Usafi nao. Friza haiui vijidudu vingi. Inavilaza tu, na vikipata joto vinaamka. Kwa hiyo osha tunda kwa maji yanayotiririka kabla ya kulikata, hata tikiti lenye ganda nene, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa nje hadi ndani. Maji ya kuongeza yawe salama kunywewa, kwani kuyagandisha si kuyachemsha. Na tafadhali fungua blenda yako yote. Mpira wa duara ulio chini ya visu hushika nyuzinyuzi za embe na utelezi usioonekana kutoka juu. Nimewahi kuung'oa kwenye blenda iliyong'aa nje na ndani, nikakuta ukungu mweusi.

Slashi iliyokaa mezani zaidi ya saa mbili imwage, au saa moja ikiwa joto limepita nyuzi 32. Iliyobaki mapema, kabla haijayeyuka, mimina kwenye trei ya vipande vya barafu uirudishe friza. Kesho visage pamoja na tunda jipya badala ya kuongeza maji.