Usukani wa Pikapu Ukitikisika, Tafuta Plei Kabla ya Kukimbilia Alaimenti

Wateja wengi huniletea ugonjwa na dawa yake kwa pamoja: "Fundi, nifanyie alaimenti, usukani unatikisika." Alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa magurudumu, haiponyi kitu kilicholegea. Ukipima magurudumu huku tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu) ina plei, yaani imelegea na inacheza, vipimo utakavyopata ni vya gari lililosimama pale pale. Likitoka getini vimeshabadilika. Ndiyo maana naanza na maswali, spana baadaye.

Linatikisika kwa mwendo gani? Mtikisiko unaoingia taratibu kwenye lami nzuri, kuanzia kilomita 80 hivi kwa saa, mara nyingi ni wa magurudumu yenyewe: balansi, rimu iliyopinda au tairi lililovimba. Ukija pale tu unapokanyaga breki, angalia diski. Lakini kuna ule unaolipuka ghafla baada ya kukanyaga shimo au tuta, sehemu yote ya mbele ikacheza mpaka upunguze mwendo karibu kusimama. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, nitaufikia.

Wapo pia wanaolalamika kwamba gari linavuta kushoto. Sisi huku tunaendesha kushoto, na barabara zimeinamishwa kuelekea pembeni ili maji ya mvua yatoke. Ukiachia usukani, gari likielea kidogo kushoto si kosa. Lijaribu mahali tambarare. Likiendelea kuvuta, linganisha upepo wa matairi ya mbele, kisha badilisha la kushoto liende kulia. Mvuto ukihamia upande wa pili, mkosaji ni tairi, na hakuna haja ya kufungua kitu kingine.

Msimu wa masika ongeza jambo moja: tope. Pikapu ikitoka shamba, tope hukaukia ndani ya rimu upande usiouona, na gurudumu linapoteza balansi. Kuna watu wameshalipia balansi juu ya tope. Osha kwanza.

Matairi yakiwa safi na mazima, tafuta plei. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji mashine. Pikapu ibaki chini imekaa kwa uzito wake, injini ikiunguruma ili pawa ifanye kazi, gia huru, breki ya mkono imevutwa, vizuizi nyuma ya magurudumu. Kijana anakaa ndani akiuchezesha usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, bila kuukata wote. Wewe uko chini na tochi. Anza juu kwenye shafti ya usukani, shuka hadi kwenye boksi la gia za usukani, halafu mkono wa boksi, kisha kila jointi mpaka gurudumuni. Weka kidole katikati ya kila jointi, nusu upande huu na nusu ule. Jointi iliyokufa utaisikia: upande mmoja unatangulia, mwingine unafuata kwa kuchelewa. Shafti ikigeuka na mkono wa boksi ukachelewa, boksi limechoka. Boksi lenyewe likisogea, kagua bolti zake na uipanguse chasisi pale lilipofungwa, kwa sababu nyufa hujificha chini ya vumbi na grisi.

Baada ya hapo ndipo jeki. Inua, weka stendi, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, usiseme haraka kwamba ni bearingi. Mwambie kijana akanyage breki na uishikilie, halafu tikisa tena. Plei ikipotea, ni bearingi ya habu. Ikibaki, tatizo liko ndani zaidi: kingpini (egemeo ambalo gurudumu hugeukia) kwenye ekseli nzima, yaani ile moja inayobeba magurudumu yote mawili ya mbele, au bolijointi (kiungo cha tufe) na bushi kwenye gari la mikono, ambalo kila gurudumu lina mikono yake.

Kwa Toyota Hilux Vigo, ambayo ni gari la mikono, kuna mtego. Koili springi yake inakalia mkono wa chini. Ukiinua kwa chasisi, springi inausukuma mkono chini na kuzibana jointi, kwa hiyo bolijointi mbovu inaonekana nzima. Weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, ndipo uipime.

Sasa ule mtikisiko wa ghafla. Nauona zaidi kwenye magari ya ekseli nzima mbele, yaani Land Cruiser 79 na Hilux za zamani za LN106. Mwenye gari hushauriwa anunue shokapu mpya ya usukani. Anaifunga, gari linatulia miezi michache, halafu linarudi vilevile. Msimamo wangu ni huu: pikapu isiyoweza kwenda bila shokapu ya usukani ni mgonjwa. Kazi ya shokapu hiyo ni kupunguza mapigo ya barabara yanayofika mikononi. Ikizuia mtikisiko, maana yake inaficha kitu. Mimi huifungua kabisa wakati wa kupima.

Kwenye 79 naanza na panhadi rodi, ile fimbo inayoishika ekseli isikimbie pembeni ya chasisi. Kijana akigeuza usukani, tazama mwanya kati ya ekseli na chasisi. Ekseli ikihama pembeni kabla magurudumu hayajageuka, bushi za panhadi zimekwisha. Kwenye LN106, ambayo mbele ina springi za kupangwa, kagua bushi za shakoli (kiungo cha mwisho wa springi) na ukaze yubolti, bolti za umbo la U zinazoishika ekseli.

Kisha kingpini. Kila upande una bearingi mbili, moja juu na moja chini, na shimu (vibati vyembamba) zinazoamua zibane kiasi gani. Gari hukaa muda mrefu likienda mbele tu, kwa hiyo vile virola hupiga mahali palepale mpaka vinachimba vishimo kwenye kikombe. Kuugundua ugonjwa huu, fungua tairodi, kisha zungusha kichwa cha ekseli kwa mkono. Ukisikia kinakwama katikati kama mlango unaojifunga kwenye komeo, bearingi hizo zimekwisha, na kupunguza shimu hakutaziokoa. Kikizunguka chenyewe bila ubishi wowote, hakijabanwa vya kutosha. Kitabu cha ufundi cha Toyota kinataja nguvu inayotakiwa kukianzisha, na hupimwa kwa mizani ya ndoano. Ile ya muuza samaki inafaa, mradi isome sawasawa.

Ukishafungua hapo, tazama grisi. Ikiwa nyepesi na nyeusi, na ndani ya tairi kuna michirizi ya mafuta, sili ya ndani ya ekseli imeachia na oili ya difu imeingia. Badilisha sili zote kwa safari hiyohiyo. Kufunga bearingi mpya na kuiacha sili ya zamani ni kazi ya kufanywa mara mbili.

Jambo jingine ni kuinua gari. Wengi wanaweka springi ndefu ili 79 isimame juu, na hapo kasta, yaani mwinamo wa kuelekea nyuma wa egemeo la kugeuzia gurudumu, hupungua kama digrii moja kwa kila inchi. Usukani unakuwa mwepesi, haurudi wenyewe baada ya kona, na gari linatangatanga. Dawa ni bushi za kurekebisha kasta, wala si kukaza skrubu ya boksi. Skrubu hiyo ndiyo ninayoiogopa zaidi mikononi mwa watu. Ikikazwa kupita kiasi plei inapotea kweli, lakini boksi linabana katikati na meno yanakwisha. Iguse mwisho, magurudumu yakiwa yamenyooka, baada ya kila jointi kuthibitika ni nzima.

Kuna lalamiko la 79 ambalo si ugonjwa. Tangu 2007, mbele yake ni pana kuliko nyuma kwa karibu milimita 95. Kwenye mchanga magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya mbele, na gari linayumba kidogo. Hiyo imetoka nayo kiwandani.

Ukienda dukani kununua bolijointi au tairodi, shika kichwa chake ukizungushe. Kipya kizuri kina ubishi, ulaini na mpira usio na ufa. Kikianguka chenyewe kikilazwa, kirudishe. Wakati wa kukitoa cha zamani, piga nyundo ubavuni mwa sikio lililokishika, usipige nyuzi za bolti. Kipya kikishakazwa, weka kota pini mpya, ile inayozuia nati isilegee.

Hapo ndipo alaimenti inapofaa. Kwenye ekseli nzima utarekebisha tu jinsi matairi yanavyotazamana. Kwenye Vigo kuna bolti za kamu, za kurekebishia, kwenye mkono wa chini, na kwa magari ya pwani mara nyingi zimekamatwa na kutu, basi zinyunyizie mafuta ya kulegeza siku moja kabla. Usukani ukikaa upande baada ya kazi, usimruhusu fundi auchomoe na kuurudisha umenyooka. Kwa Vigo, tairodi moja inarefushwa na nyingine inafupishwa kwa kiasi kilekile. Kwenye gari lenye boksi la usukani, meno ya boksi yamebanwa zaidi katikati. Usukani ukihamishwa peke yake, boksi litakuwa linaenda mbele nje ya sehemu hiyo, na mteja atarudi kulalamika plei ambayo haiko kwenye jointi hata moja.