Kolesteroli Hupokezanwa Mkono kwa Mkono: Safari ya Mafuta Ndani ya Seli

Mimina maji kwenye sufuria uliyokaangia mbuta. Mafuta yatapanda juu na kujikusanya, na hata ukikoroga hayatachanganyika. Seli nayo imejaa maji, karibu asilimia 70 ya uzito wake, na kolesteroli huyakimbia maji vivyo hivyo. Basi ile iliyoingia upande mmoja wa seli hufikaje upande wa pili?

Wengi wanaoshika karatasi ya vipimo vya lipidi, yaani mafuta ya damu, hapa Kisumu huuliza kama kolesteroli imepanda au imeshuka. Wana haki ya kuuliza, ila karatasi hiyo husema habari za damu tu. Yapo magonjwa mazito ambayo kiini chake hakiko kwenye damu kabisa: mzigo umeingia ndani ya seli, kisha umekwama kwa kukosa mbebaji.

Kolesteroli husafiri kwenye damu ndani ya chembe ziitwazo LDL. Chembe moja ya LDL ina upana wa nanomita 22 hivi, na tumboni mwake mna molekuli zipatazo 1,500 za kolesteroli iliyofungwa kwa asidi ya mafuta. Nje imezungukwa na protini moja ndefu, apoB-100, ambayo kipokezi cha seli huitambua. Njia hii ilifumbuliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein huko Dallas kuanzia miaka ya 1970, wakatunukiwa Nobel mwaka 1985. Kipokezi kikiinasa chembe, utando, yaani ngozi ya seli, hubonyea ndani na kujikata ukawa kifuko. Asidi ikizidi kifukoni, kipokezi huachilia mzigo na kurudi juu kupokea mwingine. Chembe huendelea hadi lisosomu, kifuko cha kumeng'enyea chenye asidi (pH kati ya 4.5 na 5), ambako kimeng'enya huikata ile asidi ya mafuta. Inabaki kolesteroli huru, na kuitoa humo ndiyo kazi ngumu.

Kazi hiyo ina protini mbili. NPC2 ni ndogo, ina asidi amino 132 (vipande vinavyojenga protini), na huelea ndani ya lisosomu. Ina mfuko usiopenda maji. Kolesteroli huingia humo kwa mkia, kichwa chake chenye hidroksili, sehemu inayopenda maji, kikibaki mlangoni. NPC1 ni kubwa, asidi amino 1,278, nayo hupita kwenye utando wa lisosomu mara 13. Kipande chake cha mwanzo pia kina mfuko, lakini humo kolesteroli hukaa kinyume: kichwa ndani, mkia mlangoni. Ni kama kumpa mtu kisu kwa adabu. Wewe umeshika upande mmoja, naye anapokea kwa upande ulioachwa wazi. Molekuli haigusi maji, wala haihitaji kugeuzwa.

Mojawapo ya protini hizi ikiharibika, mtoto hupata ugonjwa wa Niemann-Pick aina C. Takriban asilimia 95 ya wagonjwa wana kasoro kwenye jeni ya NPC1. Bandama na ini huvimba. Baadaye macho hushindwa kutazama juu na chini kwa wepesi, mwendo huyumba, kumeza huwa shida. Na seli yenyewe hupotoshwa, kwa sababu kihisi chake cha kolesteroli, protini iitwayo SCAP, hakipo kwenye lisosomu. Kipo kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando ulio ndani ya seli. Kolesteroli ikipungua huko chini ya asilimia 5 hivi ya lipidi za utando, SCAP huisindikiza SREBP-2, protini inayowasha jeni, hadi Golji, kituo cha seli cha kupanga na kusambaza mizigo, ikakatwe, na jeni za kutengeneza kolesteroli na vipokezi vya LDL huwashwa. Ghala limefurika, jikoni wanalia njaa. Ndiyo maana kumnyima mtoto huyu mafuta ya chakula hakumponyi: hakuna kinachofungua lisosomu.

Kuna jambo la kando lililo karibu nasi Afrika Mashariki. Mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba virusi vya Ebola hutumia NPC1 hiyohiyo kama mlango wa kuingilia seli.

Baada ya lisosomu, sehemu kubwa ya safari haihitaji vifuko. Tando mbili husogeleana hadi zikabaki nanomita 10 hadi 30, na protini husimama katikati kama daraja la Mbita linavyoifikia Rusinga. Mfano ninaoupenda ni protini iitwayo OSBP. Mkono mmoja hushika protini ya VAP kwenye retikulamu. Mwingine hushika Golji kwa kutambua lipidi iitwayo PI4P. Hupeleka kolesteroli Golji, hurudi na PI4P, ambayo kimeng'enya cha Sac1 huivunja mara moja. Uvunjaji huo ndio nauli: Golji tayari ina kolesteroli nyingi kuliko retikulamu, kwa hiyo mzigo unapanda mlima, na asiyelipa hapandi. Protini nyingine, CERT, hubeba seramidi, aina nyingine ya lipidi, kwenye njia hiyohiyo. Protini ya StAR huingiza kolesteroli kwenye mitokondria (vyumba vya nishati vya seli) za tezi za adrenali ili homoni zitengenezwe. Na asidi za mafuta hubebwa na protini za FABP, zenye kilodaltoni 15 tu.

Anayetaka kuona mkwamo huu maabara hutumia filipini, rangi inayoshika kolesteroli huru, kwenye seli za ngozi. Zikaze zisibadilike kwa paraformaldehidi asilimia 4 kwa dakika 20 hadi 30, osha, kisha weka filipini mikrogramu 50 kwa mililita, saa 1 hadi 2, gizani. Tazama kwa mwanga wa urujuanimno: seli za mgonjwa huonyesha nukta nzito kuzunguka kiini. Usiguse Triton, sabuni ya maabara, maana huondoa lipidi zenyewe unazozitafuta. Rangi hufifia haraka ikimulikwa, kwa hiyo tafuta mahali pa kupigia picha kwa mwanga wa kawaida kwanza. Filipini haishiki kolesteroli iliyofungwa kwa asidi ya mafuta, hivyo matone ya akiba hayatang'aa. Zaidi ya yote, zinyime seli lipoproteini kwanza, kisha zipe LDL kwa saa 24. Bila hatua hiyo, kasoro nyepesi za NPC1 hukupita, na mtoto hurudishwa nyumbani akiambiwa hana kitu.