Induksheni ya sumakuumeme: kwa nini sumaku iliyotulia haitoi umeme

Chukua waya wa shaba uliopakwa vanishi, uuzungushe mara nyingi uwe koili, kisha unganisha ncha zake na galvanometa, kifaa chenye mshale kinachoonyesha mkondo mdogo wa umeme. Tumbukiza sumaku ndani ya koili na uiache humo. Sumaku ikishatulia, mshale utabaki kwenye sifuri, hata ukingoja mpaka kesho. Sasa ichomoe ghafla: mshale unaruka. Irudishe, unaruka tena, safari hii kuelekea upande wa pili.

Hiyo ndiyo induksheni ya sumakuumeme. Uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi, unaopita ndani ya koili ukibadilika, volti huzaliwa kwenye waya, na sakiti ikiwa imefungwa, mkondo hupita. Uga ukitulia, hata uwe na nguvu kiasi gani, hakuna kitu.

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliligundua jambo hili London mwaka 1831, tena bila kusogeza sumaku. Alizungushia koili mbili kwenye pete ya chuma, moja akaiunganisha na betri. Mshale kwenye koili ya pili ulicheza alipounganisha na alipokata tu; katikati ya hapo ulilala. Transfoma zilizoko kwenye nguzo zetu ni pete hiyohiyo. Zinafanya kazi kwa sababu mkondo wa gridi, wa hezi 50 (yaani mizunguko 50 kwa sekunde), hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde, hivyo uga haupati nafasi ya kutulia.

Volti huongezeka mabadiliko yakiwa ya haraka zaidi, au koili ikiwa na mizunguko mingi zaidi. Hapo ndipo wengi huanza kuota umeme wa bure: mota izungushe jenereta, jenereta iiendeshe mota ileile. Video za namna hiyo zimejaa mitandaoni, na zote ni kiini macho.

Jibu lilitolewa na mwanafizikia Heinrich Lenz mwaka 1834: mkondo uliozalishwa hutengeneza uga wake wenyewe, unaopinga badiliko lililouzaa. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dinamo anajua pedeli zinavyokuwa nzito taa ikiwaka. Kwenye mitambo ya umeme wa maji kama Kidatu, nchini Tanzania, ni vivyo hivyo. Matumizi yakipanda jioni, jenereta huwa nzito kuzungusha, na lazima maji zaidi yaelekezwe kwenye turbaini, la sivyo kasi yake inaanza kushuka.